Majina Matatu Kwenye Ukosi

Wifi yangu Torika anajua kusoma nguo. Sisemi hivi kwa kumsifu. Kumsifu wifi si kazi yangu, kazi yangu ni kumtania, na kwa miaka ishirini na miwili tangu aolewe na kaka yangu Semi sijakosa siku. Lakini kweli isemwe. Mpe shati la mtu asiyemjua, atakuambia mwenye shati anatumia mkono gani, anakunywa kiasi gani cha kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, na kama mkewe bado anampenda. Ujuzi huo aliupata katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu hapa Sigatoka, mji wa visiwani, alikofanya kazi miaka kumi na tisa. Kila shuka la hospitali lina herufi alizoandika yeye kwenye pindo, kwa ule wino mweusi usiotoka hata ukilichemsha.

Kazi hiyo ilikuwa ya kudumu. Nyumbani kwao watu sita wanakula kwa mikono ya Torika, kwa sababu kaka yangu, tangu gogo la msonobari limwangukie mgongoni, shughuli yake ni kukaa kwenye mkeka na kutoa maoni. Torika akikosa kazi, hakuna mwingine wa kuishika nyumba. Nayasema haya mapema ili msije mkamwona mwoga.

Mwezi wa nane hoteli moja kubwa ya ufukweni ikatafuta mkuu wa chumba cha kufulia. Jina lake silitaji, binamu zangu wawili bado wanafanya kazi huko. Mshahara ulikuwa mnono zaidi, na mashuka ya watalii hayana damu. Aliyemwambia aombe ni mimi. Aliyemfuata jikoni siku tatu mfululizo akimpigia kelele ni mimi. Na aliyecheka aliposema anaogopa, ni mimi pia.

"Hospitali nina uhakika, Kelera."

"Uhakika wa nini? Wa kufua matapishi ya watu mpaka uzeeke?"

"Matapishi hayaishi, wifi. Watalii wanaisha. Umesahau ile miaka miwili walipoisha wote, hoteli zikabaki na paka?"

"Basi kaa hapo hapo na matapishi yako. Kaka yangu atakuzika na harufu ya dawa."

Akaomba. Jumanne moja wakampigia simu: umepata, barua ya mkataba itafuata. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe nadhani ni watu wa kwetu tu wanaoweza kulifanya. Aliaga kabla ya kuiona barua.

Kwetu mtu haachi kazi kwa kuandika karatasi tu. Karatasi aliandika, ndiyo, lakini hiyo ni ya ofisini. Kuondoka kwenyewe ni kuaga. Ijumaa alipeleka fungu la mizizi ya kava na mkeka mpya wenye nyuzi nyekundu pembeni, akaketi chini mbele ya wenzake, akawaomba ruhusa ya kwenda. Mzee Apenisa, fundi wa boila na mkubwa wao wote, akaipokea ile mizizi kwa mikono miwili, akasema maneno marefu yanayotakiwa, kisha akamalizia: "Tumekufungua, Torika. Nenda. Na siku ukija hapa, utakuja kama mgeni wetu." Wakapiga makofi yale mazito, wakalia, kava ikapondwa na ikanywewa mpaka bakuli likakauka. Jumapili mchungaji akamsimamisha mbele ya kanisa, kijiji kizima kikaiombea kazi mpya. Kaka yangu Semi alilia kwa sauti kuliko wote, maana kulia hakuhitaji mgongo.

Jumatano Torika akaenda hotelini kuchukua barua na nguo za kazi. Alitakiwa kuanza Jumatatu iliyofuata. Alirudi mchana akanikuta nakuna nazi nyuma ya nyumba, akanipa barua. Nikaisoma mara mbili. Miezi mitatu ya majaribio, na ndani ya miezi hiyo hoteli inaweza kumwachisha siku yoyote, bila kutoa sababu, kwa taarifa ya siku moja.

"Barua zote ndivyo zinavyoandikwa," nikasema. "Wanatisha tu."

"Tazama na gauni."

Lilikuwa gauni jekundu la maua meupe, na sketi yake ndefu ya kuvaa chini, mshono wetu ule ule. Lilikuwa safi na limepigwa pasi.

"Zuri sana. Ila kiuno hicho na magimbi unayokula, sijui nani atamshinda mwenzake."

Hakucheka. Alilitandaza mapajani akaanza kupitisha kidole. "Pindo hili limeteremshwa, likapandishwa, likateremshwa tena. Ona matundu ya sindano. Hapa kwapani lilipanuliwa kwa mtu mnene, baadaye likabanwa. Aliyelivaa mwisho ni mrefu, mwembamba. Na rangi bado mbichi, Kelera. Gauni hili halina hata mwaka."

Kisha akageuza ukosi. Kwa ndani kulikuwa kumeshonewa kitambaa cheupe cha kuandikia jina, na majina yalikuwa matatu, moja chini ya jingine. Ana, limekatwa kwa mstari. Mereoni, limekatwa. Unaisi, limekatwa. Chini yao palibaki nafasi ndogo.

"Labda walipandishwa vyeo," nikasema.

"Wote watatu?"

Nikarudi kwenye nazi yangu, nikaikuna mpaka kwenye kifuu.

Siku ile na iliyofuata hakula vizuri. Nilimkuta akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa, anazikunjua, anazikunja tena. Semi alikuwa akimwambia kila mpita njia kwamba mkewe sasa ni bosi, na watu walikuwa wakija kumpongeza, na yeye akiwashukuru kwa tabasamu ambalo mimi nililiona halifiki popote. Walipoondoka aliketi kwenye ngazi ya mlangoni.

"Huku nimeshaaga," akaniambia. "Kule hawajanipokea. Sasa mimi niko wapi?"

"Rudi hospitali. Waambie umebadili mawazo."

"Nirudi vipi? Kava yangu wameshainywa!"

"Kava ni kava, Torika, si damu ya agano."

"Kaa wewe mbele ya Mzee Apenisa umwambie hivyo. Nitakushikia mkoba."

Lakini Ijumaa asubuhi nilimwona amevaa nguo ya kanisani. Alisimama mlangoni kwangu akasema twende, sitaki kwenda peke yangu, na leo usitanie. Tukabeba mkate wa nazi. Ndani ya basi alikuwa akirudia sentensi moja kimyakimya, midomo ikicheza. Nilimwomba aiseme nisikie. "Naomba, kama nafasi bado ipo, nirudi." Ilikuwa fupi na nzuri. Nikamwambia aiseme mara tu tutakapoingia, kabla hajapewa chai.

Hakupata nafasi. Tulipotokea tu mlangoni Mzee Apenisa alipaza sauti: "Mgeni wetu amekuja!" Mashine zikazimwa. Litiana, aliyepiga naye pasi meza moja miaka tisa, akakimbilia stoo akatoa mkeka, na mkeka wenyewe ulikuwa ule wa nyuzi nyekundu, ule aliowaletea Torika wiki iliyopita. Wakautandika sehemu ya juu ya chumba, ya wageni wa heshima, wakamketisha hapo. Chai ya majani ya limau ikaja, na mandazi. Wote wakaketi chini yake kwa adabu, watu aliokuwa akigombana nao juu ya sabuni.

"Nina neno dogo nimekuja nalo," Torika akasema.

"Neno la mgeni halina haraka," Mzee akamjibu. "Kunywa kwanza."

"Bosi wa hoteli huyo!" Litiana akadakia. "Akianza kuajiri asitusahau. Mimi nataka kufua taulo za bwawa tu, zile za watu wasafi."

"Wewe hata taulo za bwawa utaziunguza," Torika akasema, na wote wakacheka, na nikaona sentensi yake inazidi kwenda mbali.

Kando yake kulikuwa na rundo la mashuka yaliyotoka kwenye mashine ya kukaushia, bado ya moto. Mkono wake ukaenda wenyewe, ukashika ncha mbili za shuka. Litiana akamnyang'anya. "We! Mgeni hakunji." Torika akairudisha mikono mapajani. Sikumbuki nimewahi kuiona ikikaa tu hivyo.

"Na huyu ndiye tuliyempata," Mzee Apenisa akasema. "Ameanza Jumatatu. Njoo umsalimie mwenye nafasi yako."

Alitoka nyuma ya mashine mwanamke mrefu, mwembamba, akaja ameinama mpaka chini kama inavyotakiwa. Torika hakumtazama usoni. Alimtazama kuanzia miguuni mpaka magotini, kisha begani, anapima. Nami nikajua kabla jina halijatajwa.

"Naitwa Unaisi, dada," akasema. "Nasikia ulikaa hapa miaka kumi na tisa. Asante kwa kuondoka."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Torika akamshika mkono, hakuuachia.

"Kabla ya hapa ulikuwa wapi, mdogo wangu?"

Akaitaja hoteli. "Siku themanini na sita. Sikukosea kitu, dada, naapa. Yule bwana wa ofisini mwenyewe alinishukuru, akanipa kikapu cha sabuni za wageni. Zingepita siku tisini ingebidi waniandike wa kudumu, na wa kudumu hawawataki. Aliyenitangulia ilikuwa hivyo hivyo." Akacheka kidogo. "Miezi miwili nimekaa nyumbani, tunakula mihogo mikavu na watoto. Hapa wamenipa ya kudumu. Mama yangu alilia. Wewe unakwenda hoteli gani?"

Nilimtazama Torika.

"Nyingine," akasema. "Ya mbele kidogo."

"Afadhali!"

Mzee Apenisa akaweka kikombe chini. "Haya, mgeni wetu. Ulisema una neno."

Wote walimgeukia, na Unaisi pale pale miguuni pake. Nilikuwa nikisema moyoni, liseme, liseme hata kama ni aibu, watu sita wanakula kwako. Na papo hapo nilikuwa nikisema, usiliseme. Sijui nilitaka lipi zaidi.

"Neno langu ni hili," Torika akasema. "Mashine ya pili, mlango wake haujifungi vizuri. Lazima uubane kwa goti, ndipo uwashe. Nilisahau kumwambia anayenifuata."

Wakapiga makofi, wakacheka mpaka Litiana akafuta machozi. Wamekuja watu kutoka kijijini kwa basi kuleta habari za goti! Unaisi akamshukuru, akaenda palepale kujaribu, na mlango ukafungwa.

Tuliporudi kituoni sikuwa na utani. Nilimwambia nisamehe, wifi, mimi ndiye niliyekusukuma. Akaniambia nyamaza, ukianza kuomba msamaha nitajua nimekwisha kweli. Kisha ndani ya basi akageukia dirishani, na njia nzima nilimwona akihesabu kwa vidole. Jumatatu mpaka siku ya themanini na sita. Inaangukia kabla ya Krismasi.

Jumapili mchungaji alimwombea tena, kwa kuwa kesho ndiyo kesho. Watu walimshika mikono mlangoni. Semi alivaa koti. Baada ya chakula, Torika alikuwa amelitundika lile gauni jekundu dirishani, amelifua upya na kulipiga pasi ingawa lilikuwa safi, na pindo amelipandisha, maana yeye ni mfupi. Akaniomba kalamu. Nikampa ile niliyoandikia nyimbo kanisani. Akaitazama, akanirudishia.

"Hii ni ya wino. Nipe penseli."

Nikatafuta kwenye mkoba wa shule wa mwanangu, nikampa. Aliugeuza ukosi, akaunyoosha juu ya goti, akaandika jina lake chini ya Unaisi, taratibu, kwa zile herufi zake zinazojulikana hospitali nzima.

"Penseli ya nini?" nikamwuliza. "Ukifua mara mbili imefutika."

"Imebaki nafasi moja tu hapa, wifi," akasema. "Nikiweka wino, anayekuja baada yangu ataandika wapi?"