Ngazi Fupi ya Bwana Mkaguzi

Enzi zetu hesabu ilikuwa hesabu. Tulikwenda shule ya misheni, nje kidogo ya mji wa Dodoma, tumboni ugali wa uwele na mlenda wa jana, midomo imepasuka kwa upepo, tukajifunza kupima minara ya Ulaya ambayo Mungu alituepusha kuiona. Kila asubuhi Mwalimu Yohana alituimbisha: katika pembetatu mraba, chukua upande unaoitazama pembe, gawanya kwa ule wa mshazari, hiyo ndiyo sini, nayo haizidi moja, kwa kuwa mshazari ni mrefu kuliko wote. Tuliimba kama zaburi. Aliyekosea alichapwa kama mwizi wa mbuzi. Malezi bora kabisa.

Mwaka wetu wa mwisho akaja Mkaguzi, Mzungu mwenye kaptula iliyopigwa pasi hadi ingeweza kusimama peke yake. Angechagua mmoja wetu wa kwenda chuo cha ualimu. Tulijua ni Ndahani, mtoto wa wafugaji wa Gulwe, ambaye hakutaka kitu kingine duniani. Mkaguzi akamwita ubaoni, akachora ukuta wa futi kumi na mbili, na ngazi ya futi kumi iliyoegemea hadi juu kabisa. Atafute sini ya pembe ya chini.

Ndahani akaitazama. Kwetu mtu hupanda juu ya nyumba ya tembe, yenye paa bapa la udongo, kuanika mtama, na ngazi huchomoza kupita paa ili apate pa kushika.

"Samahani, Bwana. Ngazi hii haifiki."

"Gawanya."

"Nikigawanya inazidi moja, Bwana. Atakayepanda atashika nini?"

"Kaptula ya Bwana," mtu akanong'ona nyuma, darasa zima likacheka.

Mkaguzi akafungua kitabu chake cha majedwali kuitafuta pembe hiyo. Akafunua mbele, akafunua nyuma. Haikuwamo. Basi, kwa hekima ile iliyotawala nusu ya dunia, akaamua mwenye kosa ni Ndahani. Kiburi, alisema. Chuoni akaenda aliyejibu moja nukta mbili, kwa mwandiko wa kupendeza. Ndahani akapanda treni kurudi Gulwe.

Leo wanangu wana vikokotoo vya mfukoni, wala hawajui ladha ya vumbi la chaki. Wakikiuliza kimoja pembe ambayo sini yake inazidi moja, kinaandika kwamba ni kosa, nao wanakiamini papo hapo, bila kukichapa hata kiboko kimoja. Ndahani alisema hivyo hivyo, kwa adabu, chaki mkononi. Hakuishika tena.