Sanamu ya Njia Panda

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, Dar es Salaam, na hakukuwa na jambo nisilolihoji. Kamati ya kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Mikumi, iliamua kujenga sanamu kwenye njia panda ya barabara kuu. Walitaka mkulima na jembe lake. Nikasimama nikasema, "Mkulima na jembe wako kila mahali nchi hii. Chetu wenyewe ni kipi?"

Wazee walicheka. Mwenyekiti akasema, "Haya msomi, tuletee hicho chetu."

Nilikuwa nakijua. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ndiye aliyekuwa kungwi wa kijiji. Wasichana waliovunja ungo walifundwa ndani kwake. Alikuwa na kitoto cha mti, kisicho na mikono, chenye mashungi mawili kichwani. Mwali hukilea kama mwanawe mpaka siku anapotolewa nje. Wanaume hawakioni; hata mimi nilikuwa nimekisikia tu. Nilimwambia nakitaka kwa ajili ya masomo tu. Akafunga mlango, akakifungua kutoka kwenye kaniki.

"Kwa kuwa ni wewe," alisema. "Lakini yaishie humu humu."

"Ndiyo, mama."

Wiki ile ile nilimchorea fundi mwashi. Akakisimamisha kwa nondo na saruji, kirefu kupita mtu.

Siku ya kukifunua, wanaume walipiga makofi. Wanawake waliinamisha vichwa. Mmoja akajifunika kanga usoni, akaondoka, na wengine wakamfuata. Ngoma zikabaki zinawapigia wanaume peke yao.

Asubuhi iliyofuata wanawake walikuja kwa mama mkubwa, nikiwa barazani nakunywa uji.

"Nani kamwonyesha?" aliuliza mmoja, ambaye binti yake alikuwa mwali ndani ya nyumba ile. "Au siku hizi unafunda na madume?"

Mama mkubwa alinitazama. Ilitosha niseme kwamba aliniamini na mimi nikamdanganya. Badala yake nilieleza juu ya utamaduni na wakoloni, na kwamba siri ni woga tu. Nilieleza vizuri sana.

"Umemaliza, baba?" aliuliza yule mama. Akaingia ndani, akamtoa binti yake amefunikwa gubigubi, wakampeleka kwa kungwi wa kijiji cha Kisanga.

Baada ya huyo hakuletwa mwali mwingine. Niliiomba kamati ibomoe sanamu. Mwenyekiti alinishangaa, kwani mgeni wa kutoka wilayani alikuwa ameipenda, hata amepiga picha nayo.

Siku ya kurudi Dar nilikwenda kuaga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

Nilisema nitapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wanawake kwamba kosa lilikuwa langu.

"Wanajua ni lako. Wewe mwanamume, hukufundwa hayo. Wanayemuuliza ni mimi."

Honi ya basi ikalia barabarani. Sikuwa nimepita hata nyumba moja. Nilichukua sanduku langu, nikakimbia, na moyoni nilikuwa nashukuru kwamba basi limewahi.