Nondo mmoja mwenye madoa mekundu alinifanya nipulizie dawa maharage yote, Kasulu

Wakuu, habari za muda huu. Naandika nikiwa bado na aibu, ila chumvi sitaongeza.

Nakaa pembezoni mwa mji wa Kasulu, njia ya Heru Juu. Nyuma ya nyumba nina kabustani ka maharage, na pembeni nilipanda marejea, mimea ya kurutubisha udongo.

Wiki iliyopita asubuhi nikakuta nondo kwenye maharage, wale wadudu kama vipepeo wanaofuata taa. Mdogo, mweupe, madoa mekundu na meusi. Mzuri hasa, na mimi mdudu akiwa mzuri ndiyo namwogopa zaidi.

Nikapiga picha, nikatupia kwenye group la wakulima. Mmoja akajibu fasta: "Huyo ndiye mama wa viwavi, kesho huna shamba."

Sikumuuliza amejuaje. Nikachanganya dawa, nikapulizia kila jani, nikaenda zangu mjini.

Narudi saa saba mchana, majani ya maharage yamechumwa.

Wakuu, hapo ndipo nilipokumbuka dawa. Huku kwetu jirani akikosa mboga anaingia tu kuchuma, na wewe kwake hivyo hivyo. Nilijua ni Mama Eliya wa nyumba ya pili, mwenye watoto wanne.

Nikakimbia. Kandambili moja sijui iliishia wapi. Naita tangu njiani. Jikoni kwake moshi unatoka. Moyoni nilishaua watoto wa watu.

Nikamkuta anasonga ugali.

"Watoto wamekula?"

"Bado. Mboga nimemwaga. Naosha, maji yananuka dawa." Akanitazama. "Baba Neema, ungesema tu."

Nikakaa chini palepale. Nikamwonyesha picha kujitetea.

"Huyu? Ni wa kwenye marejea yako. Watoto wake wanakula hayo marejea, maharage hawana habari nayo."

Nilienda kukagua. Kweli, viwavi walikuwa kwenye marejea, kwenye maharage hakuna hata mmoja.

Nilichojifunza: mdudu usiyemjua, angalia kwanza anakula nini. Na ukipulizia, pita kwa majirani uwaambie kabla hujanawa mikono.

Jana nikamsikia Mama Eliya nje ya uzio: "Hodi, Baba Neema. Naomba kuchuma mboga." Miaka sita tumekaa hapa, hajawahi kuniomba.

Mliowahi kuharibu hivi, mlifanyaje jirani akarudi kuingia bila hodi? Nishaurini.