Kidonge Kwanza, Kisu Baadaye: Fundi Vioo na Alama 412

Saa moja na nusu asubuhi, mlango wa karakana uko nusu wazi na fundi hajagusa kioo hata kimoja. Anasimama mbele ya kioo cha kujitazamia kilichotundikwa kando ya mlango, anatoa kopo dogo kwenye mfuko wa shati, anameza kidonge kwa maji ya chupa. Kisha anachukua kalamu ya nta na kuchora mstari mmoja mfupi juu ya kioo.

Mstari wa leo ni wa 412. Mistari imeshuka kutoka juu hadi chini, safu kwa safu, na sehemu iliyobaki inatosha uso tu.

"Wateja wanadhani nahesabu siku za kifungo," anasema huku akicheka. "Nawaambia ndiyo, ni kifungo, ila ufunguo ninao mwenyewe."

Baada ya hapo ndipo anavaa glavu nene na mikono ya turubai inayofika kwenye viwiko. Analaza kipande kikubwa juu ya meza yenye zulia, anapima, anaandika vipimo juu ya kioo chenyewe, halafu anavisoma kwa sauti kama anayekula kiapo. Hakati mpaka avisome mara ya pili. Kwa tabia hiyo, katika miaka thelathini na mmoja ya kazi, mafundi wenzake wamempa jina la Milimita. Hata mkewe humwita hivyo, hasa akiwa amemkasirikia.

"Ukikosea milimita mbili kwenye ubao, unapiga randa," anaeleza. "Kwenye kioo, unapiga magoti kuokota vipande."

Kioo anachokata leo si cha mteja wa kawaida. Kinakwenda hospitali, kwenye dirisha la dawa, mahali alipojifunza kwamba mtu anaweza kuwa bingwa wa vipimo kazini na akawa mkisiaji hodari wa uhai wake mwenyewe.

Karibu miaka miwili iliyopita, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, mshipa mmoja wa moyo wake uliziba. Alitibiwa, akapona, akarudishwa nyumbani na kidonge cha kumeza kila siku. Ndani yake mna dawa mbili: moja inazuia damu isigande ovyo ndani ya mishipa, nyingine inashusha lehemu, yale mafuta yanayojijenga kwenye kuta za mishipa mpaka njia inakuwa nyembamba.

Alikaa nyumbani miezi mitatu. Wiki ya kwanza aliporudi kazini, kipande cha kioo kikamgusa kidole gumba.

"Nimekatwa na vioo tangu ujana wangu. Nilikuwa nalamba kidole naendelea," anasimulia. "Siku ile nilifika kitambaa cha nne, damu bado inakuja. Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa kuliko siku ya moyo."

Hospitali walishamwambia kwamba damu yake itachelewa kukata. Walichokuwa hawajui ni kwamba wanaongea na mtu anayeshinda na makali kutwa nzima.

"Waliniuliza kazi yangu, nikasema fundi," anasema na kutikisa kichwa. "Fundi wa nini, hawakuuliza. Na mimi sikusema."

Basi akapiga mahesabu yake kimyakimya. Siku za kupima na kufunga madirisha, anameza. Siku za kukata, anaacha. Kwa wiki, siku za kukata zilikuwa nne. Aliuona mpango huo ni wa akili sana, akajisifu moyoni, na hakumwambia mtu.

Mkewe, fundi cherehani anayeshonea sebuleni kwao, hakushuku lolote. "Kila asubuhi nasikia kopo linalia, cha-cha-cha, najua mwenzangu anameza," anasema. "Kumbe bwana mkubwa analitikisa nisikie, halafu analirudisha mfukoni. Mtu mzima huyo!"

Mchezo huo uliendelea miezi mitano.

Siku ulipofika mwisho, Milimita na fundi mwenzake walikuwa wanapandisha kioo kwenye ngazi za shule. Walipofika kipandio cha kumi na moja, kifua kikambana, mkono wa kushoto ukawa mzito. Akasema neno moja tu: "Tushushe." Wakakishusha taratibu, wakakiegemeza ukutani juu ya vipande vya mpira, ndipo akaketi chini.

Akisimulia kisa hiki, jambo la kwanza analolitaja ni kwamba kioo hakikuvunjika.

"Nafika hospitali nimekimbia kiatu kimoja mguuni kimoja mkononi," anasema mkewe, "ananiambia kioo kizima. Nikamwambia, Milimita, mimi nimekuuliza habari za kioo?"

Safari hii mshipa haukuziba kabisa. Daktari aliliita onyo. Asubuhi iliyofuata, mfamasia wa hospitali, mwanamke mwenye miwani na sauti ya chini, alikuja kitandani akaomba mfuko wa dawa ambao mkewe aliuleta kutoka nyumbani. Akaumwaga wote kwenye sinia na kuanza kuhesabu.

Vidonge thelathini vilikuwa vimetolewa siku ishirini na sita kabla ya hapo. Vilipaswa kubaki vinne. Vilikuwa kumi na tisa.

"Fundi, nasikia wewe ni mtu wa vipimo," mfamasia alimwambia. "Hesabu hii inakubali?"

Milimita akatoa ya moyoni yote: kidole gumba, vitambaa vinne, siku za kukata, hata ule mlio wa kopo. Mkewe alikuwa amesimama palepale. Alisikia yote.

Mfamasia hakumfokea. Alimweleza kwamba dawa ile ikishazigusa chembe za damu zinazokimbilia jeraha kuliziba, chembe hizo hazirudii hali yake ya zamani. Mwili hutengeneza nyingine polepole, kwa siku kadhaa.

"Kwa hiyo ukiruka leo, kidole chako cha leo hakipati faida yoyote," alimwambia. "Lakini ukiruka siku nne kila wiki, moyo ndio unaouacha bila mlinzi. Na ile dawa ya lehemu nayo inataka kila siku, haitaki kubembelezwa kwa zamu."

"Niliona aibu," anasema Milimita. "Nilikuwa nimekata kwa kukisia. Mimi! Miaka thelathini sijawahi kukata kwa kukisia, nimekuja kukisia kwenye moyo wangu."

Kwenye sinia palikuwa na mengine. Kulikuwa na pakiti ya aspirini ya zamani, aliyoendelea kuimeza kila alipokumbuka, bila kujua kwamba ndani ya kidonge kipya tayari imo. Kulikuwa na vidonge vya maumivu alivyonunua dukani kwa ajili ya mabega, vya aina inayoweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu tumboni. Mfamasia aliviweka kando na kumwambia asimeze dawa nyingine yoyote, hata ya mafua, kabla ya kuuliza.

Ndipo fundi akauliza swali ambalo lilimnyima raha miezi yote ile: "Kwa hiyo niache vioo?"

"Nani amesema uache vioo?" mfamasia alijibu. "Nimesema daktari ajue kwamba unakata vioo."

Siku hiyo walikaa watatu, daktari, mfamasia na fundi, wakazungumza kama watu wanaopanga kazi. Daktari alimpima upya, akaona kwake faida ya dawa inazidi hatari, mradi ajilinde. Zikaja glavu na mikono ya turubai. Ikaja kanuni ya jeraha: kandamiza kwa kitambaa safi, inua mkono, dakika kumi kwa saa ya ukutani bila kuchungulia. Damu isipokata, hospitali. Akijigonga kichwa au akiona choo cheusi kama lami, asisubiri kupambazuke. Na akisahau kidonge siku moja, kesho yake ameze kimoja kama kawaida, asilipize kwa kumeza viwili.

Mistari ya kwenye kioo ni ubunifu wake mwenyewe. "Kipimo kisichoandikwa si kipimo," anasema.

Katikati ya mistari hiyo iko sita ya rangi nyekundu. Hizo ni siku ambazo mapaja yalimuuma bila sababu. Zamani angesema ni uzito wa vioo, maana mbeba vioo haishi kuumwa misuli. Lakini wiki ile alikuwa hajabeba kitu kizito, na mfamasia alishamwonya kwamba dawa ya lehemu wakati mwingine huumiza misuli. Hakuacha dawa kwa amri yake mwenyewe. Alikwenda hospitali, akapimwa damu, misuli ikaonekana iko salama, na daktari akambadilishia kidonge chenye nguvu ndogo zaidi. Maumivu yakaisha.

Hata jino lilipomsumbua, daktari wa meno alipata taarifa kabla hajashika koleo. "Nilimwambia mimi ni fundi vioo na nameza dawa ya damu. Akanijibu, mzee, nimekuuliza jino. Nikamwambia, subiri, utanishukuru."

Saa nne asubuhi, kioo kipya kinafika hospitali. Cha zamani kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona, kimebandikwa karatasi za gundi na matangazo, kiasi kwamba mgonjwa aliinama kwenye tundu na kuongea na mkono tu. Milimita anang'oa vipande kimoja kimoja. Kwenye kipande cha mwisho, ncha inapenya kati ya glavu na mkono wa turubai. Damu inachomoza.

Foleni ya wagonjwa wanaosubiri dawa inasogea kuona. Fundi anakandamiza, anainua mkono juu, anaitazama saa ya ukutani. Mwanamume mmoja anaanza kuhesabu dakika kwa sauti, wengine wanaitikia. Ya saba inapita, kitambaa hakijazidi kulowa. Mtu anamwambia ashushe mkono.

"Kumi ni kumi," anajibu.

Ya kumi inafika, anafunua. Damu imekata. Foleni inapiga makofi, vigelegele vinatoka kwa muuguzi aliyekuwa anapita, na Milimita anainamisha kichwa kama bwana harusi. Anasafisha kidonda, anafunga bandeji, anarudi kazini. Robo saa baadaye kioo kimekaa mahali pake, puti ya kushikiza kioo imezunguka kingo, na vipimo alivyoandika vinafutwa kwa kitambaa.

"Hiki nimekikata nikiwa nimemeza," anamwambia mfamasia, ambaye sasa anaonekana wazi, miwani na tabasamu.

Mipango yake ni mingi. Hospitali imempa madirisha mengine kumi na moja. Kuanzia Alhamisi ijayo, mfamasia amemwomba azungumze na wagonjwa wa moyo wanaoruhusiwa kurudi nyumbani. Anasema yeye si msemaji, lakini amekwisha kufanya mazoezi karakanani mbele ya vioo kumi na vinne, na hakuna aliyempinga.

Anapokusanya zana, mwanamke wa kwanza kwenye foleni anasogea dirishani na kupitisha cheti chake cha dawa ya damu. Mfamasia anakisoma, kisha anamtazama usoni.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Biashara tu, mwanangu."

"Biashara ya nini?"

Milimita anaacha kukunja zulia alilolazia kioo. Anasikiliza.

"Samaki. Nawapara mwenyewe kwa kisu."

"Basi sogea karibu," anasema mfamasia. "Tuongee vizuri."