Kijerumani Changu cha Mwaya

Jambo hili nimelificha miaka mingi kwa sababu ya aibu, lakini kwa kuwa kila nikilikumbuka hasira inanipanda upya, bora niwaambie mwenyewe kuliko mlisikie kwa watu wa Mwaya, maana wao wanaongeza chumvi.

Nilikuwa nimehitimu shule ya misheni, na kwetu Talatala kuhitimu kulikuwa jambo kubwa, baba alichinja dume, wazee wakaja kunitazama kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Nilijua kusoma, kuandika na hesabu. Lakini kazi ya kufanya na hayo yote hakuna aliyetufundisha (na hili linaniudhi mpaka leo), padri alitupa mkono wa kwaheri tu akasema Mungu atatuongoza, na anayetaka kuwa mwalimu wa kijijini abaki. Mimi ualimu sikuutaka. Nikasikia forodha ya Mwaya, pale ziwani meli ya Wajerumani inapotia nanga, wanatafuta karani msaidizi, nikaenda.

Nikampata karani mkubwa, mtu wa pwani, kanzu nyeupe, mpole wa maneno. Akaniandikisha mistari michache, akasifu mwandiko wangu. Kisha, kama mtu anayeuliza habari za mvua, akasema, "Na Kijerumani unakijua?"

Jamani, Kijerumani changu kilikuwa cha nyimbo za kanisani. Najua mbingu, najua mwanakondoo, najua njia ya kwenda uzimani. Nikajibu, "Ninakijua." Neno moja tu.

Basi, kabla sijakaa, Bwana wa forodha, Mjerumani mwenyewe, akatoka anafoka, karani akanisukuma mbele, haya, mkalimani, kazi hiyo. Huko ufukweni wafinyanzi wa Kikisi walikuwa wameshusha vyungu kutoka kwenye mitumbwi yao, wamevipanga mchangani pembeni ya njia inayoteremka kutoka ghalani mpaka majini, na miongoni mwao alikuwepo mama yangu mzazi, ambaye ni Mkisi, amekuja kuuza na kuona mwanawe anavyopata kazi. Bwana akanyoosha kidole kwenye vyungu, akasema maneno mengi ambayo sikuambulia kitu, ila mwishoni akarudia, "Vek! Vek!"

Hilo nililijua. Limo katika nyimbo. Ni njia.

Nikawageukia akina mama kwa sauti ya mtu mwenye cheo, nikawaambia Bwana anataka vyungu viwekwe njiani. Wakatazamana. Mama yangu akawa wa kwanza kuinama, akabeba chungu chake kikubwa cha pombe akakiweka katikati ya njia, anatabasamu, na wenzake wakamfuata kwa kuwa mtoto wa mwenzao ndiye anayesema na Mzungu. Bwana akawa mwekundu, akapaza sauti, vek, vek, na mimi (Mungu anisamehe) nikadhani wanachelewa, nikawahimiza, nikabeba viwili kwa mikono yangu.

Huko juu ghalani wapagazi walikuwa wameanza kuviringisha mapipa kuyapeleka melini. Pipa la kwanza likawaponyoka. Sitawasimulia mlio wake. Watu wa soko zima walikimbilia pale, na kazi ya akina mama ya msimu mzima, kutoka kuchimba udongo mpaka kuchoma, ikawa vigae.

Vumbi lilipotulia, karani wa pwani akasema taratibu, kwa Kiswahili, kila mtu akisikia, "Bwana alisema viondolewe. Vek ya kufoka ni ondoa, ya nyimbo ndiyo njia."

Nikamwuliza, kama ulisikia nakosea, mbona hukusema?

"Ulisema unakijua," akanijibu, akarudi ndani.

Bibi mmoja mfinyanzi akanisogelea, akaniinamia kwa adabu zote. "Ndaga fijo, mwalimu," akasema, yaani asante sana, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakucheka. Hakunigombeza pia, na afadhali angenigombeza. Alichuchumaa akaanza kuokota vigae ili watoto wasijikate miguu, nikachuchumaa naye.

Kazi akapewa kijana wa Makwale. Aliulizwa swali lile lile akajibu hajui hata neno moja. Na sikilizeni linaloniunguza: kazi yenyewe ilikuwa kuandika alama kwenye magunia, kwa Kiswahili, ndani ya ghala. Kijerumani hakikutakiwa hata chembe! Yule karani aliuliza tu. Mwandiko wa yule kijana nimeuona, unafanana na nyayo za kuku aliyekanyaga matope.

Mimi nilirudi kuwa mwalimu wa kijijini, na msimu uliofuata wote, kila baada ya vipindi, nilikuwa nachimba udongo na kuwabebea wale akina mama, wala hakuna aliyenishukuru, na walikuwa na haki.

Sasa wanafunzi wangu wakihitimu, siwapi mkono tu nikawaacha. Nawaambia ukienda kutafuta kazi, kwanza uliza kazi yenyewe ni ipi, halafu ukiulizwa jambo usilolijua, sema sijui, hata kama mama yako amesimama pale anakutazama.