Kengele ya Baseme

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji, sikuhitaji jogoo wa kuniamsha. Niliamshwa na kengele ya mbwa. Ilikuwa kengele ya mti, nyeusi kwa moshi na jasho la mikono, yenye ndimi mbili za mfupa ndani. Mbwa akijikuna tu, ua mzima ulisikia.

Huko kulikuwa kwa Koko, mama ya baba yangu, kijijini, kwenye barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, zamani za Wabelgiji. Wazazi wangu walikuwa Kasongo mjini, baba akishona nguo kwenye baraza ya duka. Babu alipofariki, masika, walinipeleka kwa Koko ili asilale peke yake katika nyumba ile. Nilienda nikilia, maana nilizoea wali wa mjini na kelele za sokoni. Nikakuta mjane, shamba la pamba ya Leta, yaani serikali, na mbwa mwekundu mwenye mkia wa kujikunja.

Mbwa huyo aliitwa Baseme, yaani waache waseme. Babu alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani, na Koko alipomwita kwa sauti asubuhi, kuna watu walioinamisha macho. Mbwa wa uwindaji wa kwetu hawabweki, ndiyo maana hufungwa kengele kiunoni, wawindaji wajue wako wapi porini. Babu alikuwa amekufa, lakini kengele yake ilibaki. Siku ya mazishi Koko mwenyewe aliitoa kwenye nguzo ilikotundikwa, akamfunga mbwa, akasema mbele ya watu wote:

"Kengele ya muwindaji isinyamaze mbele ya matanga kuisha. Ikinyamaza, mwenyewe atakuja kufwata mbwa yake."

Hakuna aliyethubutu kuigusa tena, na kwetu matanga ya mwindaji huisha baada ya pamba kuuzwa. Mimi nadhani, pamoja na imani yake, Koko alipenda tu kuisikia. Alikuwa akiketi jikoni, kengele inapita nje, naye anatabasamu peke yake.

Wakati huohuo akaletwa Mauwa. Baba mudogo Kalume, kitinda mimba wa Koko, alifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Salamabila, na mbuzi za mahari zilikuwa zimeshapelekwa kwa wakwe Kabambare kabla ya msiba. Koko akasema bibi harusi aje tu, kwa sababu shamba lilitaka mikono, na kapita, msimamizi wa pamba, hakujali nani amefiwa na nani hakufiwa. Kalume akakaa na mke wake siku chache, akarudi mgodini.

Ee, Mauwa! Alikuwa mrefu, mwenye pengo la meno la kupendeza, na akicheka alicheka na mabega. Alitwanga akiimba. Sombe yake ya majani ya muhogo ilinifanya nisahau mji. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, na sioni haya kusema kwamba nilimpenda kuliko shangazi zangu wa damu.

Basi mbwa akakataa kula.

Mauwa alimwekea bugali, Baseme akanusa, akageuza uso. Akamwekea mifupa, akaitazama, akalala kando yake kama askari mlangoni kwa mzungu. Mate yalimtoka, lakini mdomo haukufunguka. Kilichomweka hai ni panya aliowakamata kwa siri mbali, vichakani, mahali pasipo na mtu. Mbwa ambaye zamani mgongo wake uling'aa akaanza kuonekana mbavu, kisha mifupa ya nyonga, kisha macho tu.

Kwetu jambo kama hili halikuwa dogo. Watu waliamini pua ya mbwa wa mwindaji haidanganywi. Akikataa chakula cha mtu, basi mkono wa mtu huyo una kitu. Wa kwanza kulisema kwa sauti alikuwa Shangazi Salima, dada mkubwa wa baba, aliyekaa ng'ambo ya njia na ambaye ulimi wake haukujua kupumzika.

"Mama, fungua macho," alimwambia Koko, na Mauwa yuko palepale akichambua majani. "Mbwa alikuwa munene. Huyu ameingia, mbwa amekauka. Mbwa iko naona kitu wewe hauone."

Tangu siku ile Koko alianza kula kidogo tu, na Mauwa akaacha kuimba.

Ikasemwa kwamba Kalume atakaporudi wakati wa kuuza pamba, wazee wataketi. Kama mbwa bado hali, Mauwa atarudishwa kwa baba yake na mbuzi zitadaiwa. Msifikiri ni safari tu ya kurudi nyumbani. Mwanamke aliyerudishwa kwa neno kama lile, neno lilimtangulia njiani. Hakuolewa tena, na hata watoto wa dada zake walikatazwa kula kwake. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililielewa vizuri sana.

Nikaamua mbwa atakula, apende asipende.

Kwanza nilidhani ni mtu wa Kasongo kama mimi, anataka wali. Tukampikia wali kwa mawese. Akanusa, akapiga chafya. Tukampa ndakala, wale dagaa wakavu, tukampa mchuzi wa kuku ukiwa na joto, nikampaka mchuzi puani ili aulambe. Aliulamba, maskini, kisha akaniangalia kama mtu aliyefanya kosa. Nikaviringisha matonge nikamlisha kwa mkono, akayapokea kwa adabu na kuyaweka chini. Mwisho nikaona labda hajui namna. Nikapiga magoti na mikono chini, nikaanza kula katika sahani yake kwa mdomo, huku natikisa makalio, kumwonyesha. Shangazi Salima akatokea njiani.

"Mama yangu we! Sasa na mutoto amemuharibu!"

Mauwa aliangusha mwiko kwa kucheka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka baada ya muda mrefu, na nilijivunia kipigo nilichopata kwa ajili yake.

Siku ya Kalume kurudi ikafika. Wazee walikuwa wameshawekewa viti kivulini mbele ya nyumba, na Shangazi Salima amevaa kitenge cha sikukuu, kana kwamba anaenda harusini. Nyuma, jikoni, Mauwa alikuwa ameshafunga nguo zake katika furushi. Hata hivyo alipika. Alisema mume wake hawezi kutoka mgodini akute moto umezimika. Akaweka chini sinia ya wali na samaki, akageuka kutafuta kifuniko.

Baseme alikuwa anapita chini ya uzio wa matete, akitafuta kivuli. Kamba ya kengele ikanasa kwenye kijiti. Akavuta. Wakati wa unene wake kamba ile isingetoka hata kwa kuvutwa na ng'ombe, lakini sasa kiuno hakikuwapo. Kamba ikateleza juu ya nyonga, ikapita mkia, kengele ikabaki kwenye uzio.

Akasimama. Akajitikisa, hakuna sauti. Akajitikisa tena. Akatazama nyuma, akanitazama mimi, halafu akaenda moja kwa moja kwenye sinia ya Mauwa akazamisha uso mpaka masikio.

Alikula! Wali ulikuwa unaruka. Mauwa alisimama na kifuniko mkononi, hathubutu kupumua, na mimi nilijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Mbele ya nyumba tukasikia Koko akipiga kelele: "Kengele! Kengele imenyamaza!" Wakaja wote mbio, wazee na fimbo zao, Shangazi mbele.

"Amefungua kengele!" Shangazi akasema, kidole kikimwelekea Mauwa. "Munaona sasa? Amefungua!"

"Hapana!" nikalia. "Imetoka yenyewe! Imenasa kwa uzio, niliona na macho yangu!"

Koko hakutusikia sisi wote. Alikuwa ameitoa kengele kwenye uzio, ameishika mkononi. Na hapo likatokea jambo ambalo sijalisahau. Baseme aliinua kichwa, akaona kengele. Akaacha kula. Kipande cha samaki kilichokuwa mdomoni alikiweka chini, polepole, akamwendea Koko, akampa mgongo na kusimama kimya, kama mtu anayengoja kuvikwa koti.

Koko akaketi chini, palepale kwenye vumbi.

"Kumbe iko kazini," akasema. "Mama yangu! Tangu tulizika muzee, huyu mutoto iko kazini."

Ndipo akatuambia. Babu alimfundisha kila mbwa wake tangu mdogo: kengele ikiwa kiunoni, mdomo haugusi chakula, kiwe cha porini, kiwe cha nyumbani. Kila aliporudi kutoka mawindo, kabla hajaketi, kabla hajaomba maji, alifungua kengele, akaitundika kwenye nguzo, akamwambia mbwa maneno yaleyale. Koko aliyasikia maisha yake yote ya ndoa, na hakuyakumbuka mpaka wakati ule.

Akaificha kengele nyuma ya mgongo wake. Akamshika mbwa uso.

"Kazi imekwisha, Baseme," akamwambia. "Kula."

Baseme akarudi kwenye sinia. Koko alilia na kucheka pamoja, machozi yakimwingia mdomoni, wazee wakacheka, Mauwa akaja akaketi karibu naye vumbini, na Koko akamvuta kichwa akakilaza begani kwake. Katika hali hiyo akaingia Kalume na sabuni yake ya zawadi na furushi kichwani. Akatutazama sote chini.

"Chakula iko?" akauliza.

"Mbwa amekula," Koko akamjibu.

Mauwa hakutuacha tumshibishe mbwa kwa pupa. Alisema tumbo lililokaa tupu linaumia likijazwa ghafla. Kwanza uji wa mchele na mchuzi wa samaki, kidogo kidogo, asubuhi mpaka jioni, kisha bugali laini, kisha mawese na mifupa. Kazi yangu ilikuwa kumpapasa mbavu kila nilipotoka mtoni na kutoa habari. Siku niliyotangaza kwamba mbavu sizioni tena ila kwa kubonyeza, Mauwa alinirusha juu. Hata Shangazi Salima alianza kupita na mifupa kwenye jani la mgomba, akiiweka mlangoni bila kumtazama mtu. "Ni ya mbwa," alisema. "Aksanti, Shangazi, karibu ukae," Mauwa alimjibu, na siku moja akakaa.

Koko, mpaka kufa kwake, alishikilia kwamba onyo lake lilikuwa kweli. Alisema kengele ikinyamaza mzee atakuja, na mzee alikuja. Kwani nani aliyevuta ile kamba? Ila hakuja kuchukua mbwa wake, alikuja kumlisha. Mimi niliona kijiti kwa macho yangu, na sikumbishia hata mara moja. Mtu aliyemwona Baseme akila siku ile hawezi kubishana na neno la furaha namna hiyo.

Lakini sasa, nikiwa na wajukuu wangu, ninafikiri jambo jingine. Kengele ililia masikioni mwetu usiku na mchana, na hakuna aliyeiangalia. Wote tulimwangalia Mauwa. Mimi pia nilifika kwa msiba uleule, mimi pia nilimlisha mbwa kwa mkono, na hakuna aliyesema mkono wangu una kitu. Kengele ilikuwa yetu, mimi nilikuwa damu, Mauwa alikuwa mgeni. Ilibaki kidogo sana tumpoteze.

Alizeeka katika ua ule. Jioni, tukirudi kutoka shambani na majembe, alikuwa anatungoja na sinia imefunikwa, anacheka na mabega, na kabla hujanawa mikono alikwambia: "Kazi imekwisha. Kula."