Kilemba Changu Kiko Ukutani

Jamani, chekeni tu, aibu hii ni yangu na nimeshaizoea, lakini mjue ilibaki kidogo Zuhura wangu akose mume kwa sababu ya kiyoyozi.

Chenyewe kilikuwa sebuleni kwetu Tangini tangu Zuhura anajifunza kutembea. Fundi aliniambia wazi, "Mzee, hii AC imechoka, nunua nyingine," na mama Zuhura akasema tununue kabla wageni wa posa hawajaja kutoka Kisarawe, mimi nikajifanya mjuaji, nikasema kitu kinachopuliza baridi hakitupwi (kilikuwa kinapuliza kweli, ila kwa kukoroma, mpaka ukigonge ubavuni na mwiko wa ugali, hapo kinatulia dakika chache).

Siku ikafika. Mshenga wao, Mzee Kondo, kanzu nyeupe pee, nikamkalisha chini ya kiyoyozi kwa heshima, apate baridi, na mwiko nikauficha nyuma ya mto wa kochi. Zuhura yuko nyuma ya pazia, roho juu, maana huyo kijana anampenda kweli. Mzee Kondo akakohoa, akaanza, "Tumekuja kwa ajili ya kijana wetu Shabani..." na kiyoyozi nacho kikaanza kukoroma. Nikainuka na mwiko, ngo! Kikatulia, nikakaa. "Kama nilivyosema, kijana wetu Shabani..." Kikakoroma tena, nikainuka tena. Mara ya tatu alipolitaja tu jina la Shabani, mzee wa watu akajikinga kichwa kwa mkono.

"Baba Zuhura," akasema, "kama kijana wetu humtaki, sema kwa mdomo. Mwiko wa nini?"

"Hapana mzee wangu, ni AC hii!" nikasema, na ili aamini (akili zangu hizo!) nikaigonga kwa nguvu zote. Mfuniko ukachomoka, na maji yote yaliyotuama humo ndani, meusi kwa vumbi, yakamshukia Mzee Kondo kuanzia kofia hadi kanzu. Wageni wakarudi Kisarawe pilau hawajaionja. Zuhura akaacha kuniamkia, mtoto anapita mbele yangu bila shikamoo, na hilo liliniuma kuliko aibu yenyewe.

Siku kadhaa zikapita, Mzee Kondo akapiga simu, nikapokea.

"Posa yetu iko palepale," akasema. "Mahari mtatutajia. Ila kilemba cha baba usihangaike kukitaja, sisi tumeshajionea."

Kilemba, si mnajua, ni ile zawadi ya baba wa binti. Basi siku ya mahari, mbele ya ukoo mzima, likashushwa boksi kubwa kwenye gari, ndani kiyoyozi kipya. Zuhura akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanijia, "Shikamoo baba." Nikaitikia marahaba huku machozi yananilengalenga.

Nimeapa, fundi akisema kitu kimekufa, nakizika siku hiyohiyo. Wenzangu walioozesha mabinti wanavaa vilemba vyao kichwani, mimi changu kimepigiliwa ukutani, na kila mgeni akikisifia, mama Zuhura anaanza kuhadithia upya, halafu anakwenda jikoni kuuleta mwiko.